Namba Nne Kwenye Karatasi ya Posho

Jumatatu, 3 Machi

Imepita! Kila mwanafunzi laptop yake, muhula huu huu. Miezi minane tumelipigia kelele jambo hili, wiki iliyopita viongozi wa wanafunzi tukakaa kikao na uongozi wa chuo, leo Mkuu wa chuo katangaza mwenyewe. Nimebebwa juujuu hadi kantini. Mwenzangu wa chumba, anayeniita Mheshimiwa kwa utani tangu nichaguliwe kiongozi wa wanafunzi, kanikumbatia. Basi tena kuandika kazi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Furaha imeniondolea hata njaa.

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo ubaoni. Laptop si za bure! Kila mwanafunzi alipie yake, kwa mkupuo, mwisho Ijumaa tarehe 14. Asiyelipa hafanyi mtihani. Nimesoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Sisi tuliomba chuo kinunue — nani alisema tulipe?

Mwenzangu nimemkuta kitandani, kageukia ukuta. Mama yake anashona sare za shule. Ada yenyewe kamaliza juzi.

"Mheshimiwa, si ulikuwa kwenye hicho kikao? Kawaambie basi."

Nitawaambia. Kesho asubuhi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia kwa mhasibu wa chuo nimewaka. Mstaarabu kweli, kanipa kiti. Akafungua faili: azimio la kikao, viongozi wa wanafunzi wamekubali wanafunzi walipie. Nyuma yake karatasi ya majina sita. Namba nne — mimi.

Ile karatasi ilipitishwa wakati wa chai! Jina, sahihi, bahasha. Nikamwambia ilikuwa ya posho. Akasema kwa upole ni ya mahudhurio, na aliyehudhuria asipinge, amekubali. Kwani nilipinga? Azimio liliposomwa nilikuwa nje, napokea simu. Posho nikanunulia viatu.

Mwenzangu nimemwambia kwamba mhasibu sikumkuta. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Najua sana.

Jumanne, 11 Machi

Mama yake kauza cherehani moja kati ya mbili. Bado haitoshi. Anasimulia huku anacheka, eti sasa nyumbani kuna nafasi ya kupita. Nimekwenda kulia chooni, bomba nimelifungulia. Mwoga mkubwa mimi!

Alhamisi, 13 Machi

Kesho ndiyo mwisho. Mchana mwenzangu kaja na wazo: barua kwa Mkuu wa chuo, na sahihi za wote walioshindwa kulipa. Keshapata themanini na tisa, mlango kwa mlango. Niiandike mimi, maana najua kupanga maneno. Yeye akawa anatamka, mimi naandika. Barua nzuri, ina meno. Tukafika aya ya mwisho.

"Andika: waliotusainia hawakutuuliza. Halafu tuwataje, mmoja mmoja. Waone haya!"

Nikasema hatuna majina. Akasema kapita kwa mhasibu leo, kaambiwa majina yapo kwenye faili, nakala anapewa yeyote anayeomba. Akavaa kandambili, huyo!

Nimeshapanga namba, moja hadi sita, kila moja na mstari wake. Nne naweza kuijaza sasa hivi, kabla hajarudi. Herufi chache tu. Badala yake nimefungua daftari hili, naandika huku.

Yuko kwenye ngazi. Kwa kawaida hupanda mbiombio akiimba. Leo anapanda polepole, na haimbi —