Kwa Editha, Uliyekaa Nyuma ya Mchakamchaka

Editha,

Sikuulizi hali. Ulipokuwa hai nilikuuliza kila asubuhi, ukanijibu kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, kapteni, mimi mzima," nami nikakuamini. Leo nasema mimi, wewe usikilize.

Niko dukani. Mama kaenda Kasulu kuchukua mzigo, mvua imewafungia wateja makwao, nami nimechana karatasi katikati ya daftari la hisabati. Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike.

Mchakamchaka upo bado. Siku ya mazishi nilimrudishia mwalimu wa michezo filimbi yake, lakini wiki iliyopita alinipa tena, akasema wadogo wananiulizia. Darasa la kwanza na la pili wanapanga mistari miwili kama tulivyowafundisha, sisi wa la saba tunawaongoza: kutoka uwanjani, kushuka hadi darajani, kupanda tena mlima, halafu viungo. Mimi nilikuwa mbele na wimbo, wewe nyuma kukusanya wanaochoka. Nyuma ulijichagulia mwenyewe. Ulisema, "Wewe una sauti, mimi nina huruma." Tukacheka. Nikikumbuka kicheko kile natamani nikufinye.

Kila siku mstari ulikatika palepale kwenye mikaratusi, nusu ya mlima. Mimi nimeshafika juu na wenzangu, ninyi bado mnajikokota huko chini, wewe na wadogo kama kumi hivi, na Minani wa darasa la pili wa mwisho kabisa, mkono wake mkononi mwako. Unanijua nilivyo. Waliochelewa niliwarusha kichura kulizunguka goli, wamechuchumaa, mikono masikioni. Minani aliruka mpaka kaptula ikawa nyekundu kwa vumbi. Wewe ulisimama pembeni, mikono kiunoni, unahema, na hukusema neno.

Ulijua, Editha. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwenye msiba mama yako alinishika mikono yote miwili mbele ya kina mama waliokuwa wanamenya ndizi. Akasema, "Zaituni mwanangu, asante. Daktari alimkataza kukimbia tangu yuko la tano, moyo wake ulikuwa mbovu. Alituambia wewe ndiye unayemwangalia, unamkalisha chini wenzake wakikimbia. Mungu akubariki." Mimi? Nimemkalisha nani? Habari ya moyo sikuwahi kuisikia hata siku moja. Kina mama wote wameacha visu wananitazama. Ningesema nini? Nikasema, "Asante, mama."

Ulimpa mama yako jina langu ili alale usingizi. Hukuniomba.

Halafu Minani. Nilipouliza kwa nini yeye na wenzake siku hizi wanafika juu kabla ya kila mtu, alinijibu kama anayemweleza mtoto mdogo: "Sisi tulikuwa hatuchoki, dada. Dada Editha ndiye alikuwa anachoka. Alisema twende naye polepole, tusikuambie." Kumi wote walijua! Watoto ambao meno ya mbele hayajaota wamekutunzia siri, na mimi niliyekula nawe parachichi moja kwa kijiko kimoja, mimi sikustahili kuambiwa. Niliwaadhibu kwa sababu ya kukutunza wewe. Nawe ukatazama.

Najua utakachosema. Utanikumbusha yule msichana wa pumu aliyehamia kutoka Kibondo. Nilimtoa kwenye viongozi, nikasema mbele yenu wote kwamba mgonjwa akae na wagonjwa wenzake. Ulikuwa umesimama karibu yangu, ukatazama chini. Neno lile linanirudia hata nikiwa nafagia. Sawa, nilikosa. Lakini si ungenigombeza! Tumegombana kwa zamu ya kudeki, tumegombana kwa penseli, kwa hili ukanyamaza. Ungenizaba kofi ukaniambia mgonjwa mwenyewe ni wewe. Ningelia siku mbili, ya tatu ningekukalisha chini kweli.

Watu wanasema mchakamchaka haukukuua, kwamba ulifariki kitandani wakati wa likizo na moyo ungechoka tu. Labda. Mimi sitajua, kwa sababu hukunipa nafasi ya kujua.

Juzi filimbi nilimwachia mwenzetu mmoja, nikasema leo nakaa nyuma. Kabla hatujaondoka niliwaita Minani na wale wenzake golini, nikashika masikio, nikaruka kichura mbele yao mzunguko mzima. Walicheka mpaka wakakaa chini. Ungecheka na wewe, maana nilianguka mara mbili. Lakini tulipofika kwenye mikaratusi wote wakapunguza mwendo, bila mtu kuwaambia. Wamezoea hivyo kwa mtu wa nyuma. Minani akanishika mkono, akaniangalia usoni, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe ukichoka, dada Zai, tutaenda polepole. Hatumwambii mtu."

Nilikaa palepale barabarani nikalia vibaya, makamasi na yote. Nikawaambia mimi mzima. Hawakuniamini hata mmoja, na sikuwalaumu, maana maneno hayo walishayasikia kwako.

Jumamosi naenda kwenu. Mama yako kila wiki ananitumia mihogo na salamu za shukrani, nami siwezi tena kuila. Nitamwambia sikukuangalia, kwa sababu sikujua kuna cha kuangalia. Atalia upya. Huenda akanifukuza. Yule msichana wa Kibondo nimeshamwomba radhi, na ameniambia atafikiria, nami namngoja.

Kukusamehe bado. Nakukasirikia kila asubuhi, na kila asubuhi tukianza kupanda mlima nageuka nyuma kuangalia kama unakuja.

Lala, rafiki yangu. Huku nyuma nimekaa mimi sasa. Ninakuahidi jambo moja: siku nitakayoumwa nitasema, nitasema kwa sauti katikati ya mstari, Minani na wenzake wote wasikie, wajue kumbe mtu anaweza kusema.

Zaituni