Akal Anataka Kunirudishia Nafasi Yangu ya Mbio

Dada Bilha mpendwa, nakusikiliza redioni kila wiki hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na leo ni mimi ninayehitaji msaada wako. Mimi ni Mkongomani, mkimbiaji wa mita elfu moja na mia tano, na mwaka jana niliugua homa ya virusi nikapona, lakini niliporudi mazoezini kifua kikawa kinabana na moyo unadunda ovyo, nikadhani ni uvivu, nikazidisha bidii mpaka nikaanguka, na aliyenikimbiza zahanati kwa pikipiki ni Akal, msichana Mturkana wa Lodwar tuliye naye timu moja. Daktari akasema virusi vimeondoka lakini vimeacha misuli ya moyo imevimba, nisikimbie mpaka anipime tena. Tangu hapo Akal amenichotea maji, amenipeleka kwao Lodwar nikakaa kwa mama yake karibu na hospitali, na mama huyo alinitunza kama aliyenizaa, nawashukuru mpaka nakosa maneno. Sasa nimerudi Kakuma, mashindano ya kaunti huko Lodwar yamekaribia, na Akal, aliyepewa nafasi yangu, ameniambia, "Eugénie, hii nafasi ni yako, mimi nilikushikia tu. Nitaongea na kocha." Dada, sijapimwa bado. Juzi nilijaribu kukimbia peke yangu kwenye mchanga wa mto, nikapiga magoti nimeshika kifua, na sijamwambia mtu. Nikikataa naona nimedharau wema wake, tena naogopa nafasi ikienda haitarudi. Nifanyeje?

Eugénie, Kakuma

Eugénie mdogo wangu, pole sana, na nimefurahi kwamba umepata watu wa namna hiyo. Lakini kwa hilo la mtoni nakugombeza. Ungezimia pale, nani angejua? Moyo uliovimba hautibiwi kwa bidii, na unaweza kusimama ghafla hata kwa mwanariadha mwenye nguvu zake. Kesho asubuhi nenda kwa daktari umweleze yote, usifiche lolote. Akikuruhusu, utaanza kwa kutembea. Asipokuruhusu, utangoja, na kama utalia, lia, lakini ungoje.

Akal mwambie leo yaliyokupata mtoni, kwa mdomo wako. Hajui anachokupa. Anadhani ni zawadi, na ukiipokea kimya utamfanya abebe lawama maisha yake yote ukidhurika. Mwambie pia asiongee na kocha, kwa sababu hakushikii tena kitu, yeye ni mkimbiaji. Kisha siku ya mashindano nenda Lodwar, usimame kwenye kona ya mwisho, umwite kwa jina lake, akimbie mbio zake.