Mwalimu wa Saba

12 Februari

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Miguu inaendeleaje, bado inavimba ukishinda umesimama? Mimi mzima, ila macho yamechoka na makaratasi.

Nina ombi. Utafiti wangu wa uzamivu unahusu vishikwambi vilivyogawiwa shule za msingi. Nilituma dodoso kwa walimu mia mbili na kumi, na karibu wote wamejibu kwamba vinatumika kila siku. Msimamizi wangu ameyatazama majibu akacheka: "Takwimu safi namna hii huwa zimeoshwa." Anataka nitafute walimu wachache waniandikie kila wiki kinachotokea darasani hasa. Wewe umefundisha miaka thelathini na mmoja, na tangu Mama atutoke ni wewe uliyenilea. Sijui mtu mwingine anayeweza kunisimulia jambo nikaliona kwa macho. Niandikie kama unavyoniandikia siku zote. Jina lako halitatokea, wala la shule. Kwenye tasnifu utakuwa Mwalimu wa Saba.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo. Miguu ndiyo hiyo, inanibeba kwa manung'uniko. Wewe kula, usije ukakonda ukawa kama karatasi zako.

Mwalimu wa Saba! Nimecheka peke yangu jikoni. Hao sita wa mwanzo ni akina nani, wamenipita kwa lipi?

Haya, ukweli. Dodoso lako nililijaza na mimi, nikatia alama kwenye "kila siku". Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anafuatilia kalamu. Vishikwambi arobaini vimo kabatini ofisini kwake na ufunguo hautoki mfukoni mwake. Anaogopa kikivunjika hata kimoja ataulizwa yeye. Wakaguzi wakija tunavigawa, vimezimwa, na watoto wanaambiwa wapitishe kidole juu ya kioo waonekane wana shughuli. Wiki iliyopita mkaguzi akiwa mlangoni, yule binti wa darasani kwangu mwenye maneno mengi, tunayemwita Kasuku, akanyoosha mkono: "Mwalimu, leo tunagusa au tunasoma?" Nilijifanya nimepaliwa.

Ila hilo la Kasuku usiliweke popote. Nililisimulia kwenye ofisi ya walimu tukacheka mpaka mbavu zikauma, kwa hiyo kila mtu hapa analijua. Hilo ni lako tu.

Dada yako

21 Juni

Dada mpendwa,

Habari za siku? Nashukuru mno kwa barua zako kumi na moja. Hujui ulivyoniokoa. Msimamizi anasema sentensi moja ya yule mtoto inaeleza kuliko dodoso zangu zote.

Najua ulivyoniambia. Lakini nimebadilisha mambo, Dada: shule nimeiweka kijijini, na Kasuku nimemfanya mvulana. Nani atajua? Kwa kanuni nilipaswa nikuletee kwanza sentensi hiyo uisome ndipo niitoe, ila muhtasari wa utafiti unatakiwa wizarani Ijumaa hii, na barua yachukua wiki mbili kufika. Nimejipa moyo kwamba ungekubali.

Mdogo wako anayekupenda

9 Oktoba

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimekawia kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilichana karatasi.

Muhtasari wako ulitumwa shule zote. Mwalimu mkuu alitukusanya baada ya masomo akausoma kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye "tunagusa au tunasoma" akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuna aliyenitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba wote wamejua. Jina la nini tena?

Hakuniambia kitu. Jumatatu nikakuta mwalimu mwingine kwenye meza yangu. Mimi sasa niko stoo, nagonga mihuri vitabu na kubandika kwa gundi majalada yaliyochanika. Imebaki miaka miwili nistaafu, nitaimalizia na gundi.

Hilo ningelimeza. Lakini alimwita na Kasuku ofisini. Alichoambiwa sikijui. Mwalimu wake mpya anasema amehamia dawati la nyuma na wiki ya tatu hii hajanyoosha mkono. Nilimkuta bombani juzi, nikamsalimu, nikamtania kama zamani. Akaitikia kwa adabu, akainama akanywa maji. Mtoto yule, ukimwuliza saa alikuwa anakupa hadithi!

Hukusema uongo. Kila neno ulilonukuu ni langu. Ndiyo maana sijui nikugombeze kwa lipi.

Dada yako

2 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako. Sijui kama zile mbili zimekufikia au umeziweka kando.

Sentensi ile nimeitoa kwenye tasnifu. Msimamizi alinishangaa: "Lakini hiyo ni data yako." Nikamwambia si yangu, ni ya dada yangu, na aliniomba nisiiweke popote. Nimekwenda wizarani wauondoe muhtasari, wakasema umeshasambaa. Kisha wakanipongeza, maana kwa ajili yake wameamuru makabati yafunguliwe shule zote. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za jengo nikalia, watu wananiruka tu.

Sikukulinda kwa kuihamishia shule kijijini, Dada. Ningekulinda kwa kukusikiliza. Nisamehe. Niandikie lolote la shuleni, kama zamani. Hata unitukane.

Mdogo wako

17 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako zote tatu ninazo. Nimekusamehe, hilo lisikukoseshe usingizi. Ulikuwa mtoto wangu kabla hujawa mtafiti.

Ni kweli, vishikwambi vimetoka na watoto wanavisomea. Hiyo ni kazi yako, ifurahie bila aibu.

Umeomba nikusimulie ya shuleni. Nimekaa na kalamu tangu nilipomaliza kuosha vyombo. Si kwamba hayapo. Jana tu kuna lililotokea stoo likanichekesha, nikaanza kukuandikia, nikafika katikati nikajikuta nawaza nani mwingine atalisoma. Nikalikata. Sikukusudia, mkono tu ulikataa.

Basi, mimi ni mzima. Mvua zimenyesha vizuri. Jirani anakusalimu.

Dada yako