Barua Ndani ya Kanga

Mpendwa dada Zuhura,

Nimerudi kwenye hoteli ile kongwe ya Kisarawe, iliyojengwa enzi za Mjerumani, na nimepewa chumba kilekile tulicholala mimi, wewe na Shangazi siku ya ndoa yako, kabla hujapelekwa kwa mumeo. Sikukiomba. Kuta bado nene kama za boma, ukisema neno linaishia humo humo. Jua halijazama lakini nimeshafunga mlango kwa ufunguo na kusogeza kiti kuuzuia. Kesho asubuhi napanda treni pale Pugu kuja kwako Dodoma, na ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa jambo lolote.

Nakumbuka tulivyofika kutoka harusini Masaki, nguo zimejaa vumbi la barabara, hina yako bado inanukia. Ulitaka kumpigia Mama, ambaye mguu wake ulimzuia kutoka nyumbani Misugusugu. Shemeji alitoka chumba cha pili, akaichukua simu mkononi mwako, akaizima, akaitia mfukoni.

"Bibi harusi hana haja ya simu," alisema akicheka.

"Haya, wivu huo!" Shangazi alidakia. "Mwanangu, umependwa!"

Nami nilicheka. Wewe ulikuwa unautazama ule mfuko.

Asubuhi, mabegi yako mlangoni, Shangazi alimshika mkono dada wa usafi. "Naomba chumba hiki usikifagie mpaka binti yangu afike kwake. Ukifagia nyuma ya msafiri, unamfagia yeye asirudi."

"Sasa mama, wageni wa leo niwalaze juu ya vumbi lenu?"

"Kawalaze kwako!"

Walikuwa wanacheka bado uliposema, taratibu kabisa, "Fagia tu, dada."

Shangazi akasema umechoka. Mimi nilijua hukuchoka. Mtu anayetarajia kurudi kwao hasemi vile. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimeandika kurasa ngapi sijui kuhusu watu wanavyoficha maumivu, na asubuhi ile nilibeba begi lako hadi kwenye bajaji bila kukuuliza hata neno moja.

Tangu hapo kila nikikupigia, simu inawekwa spika, naye shemeji namsikia akikohoa pembeni. "Tuko salama, mdogo wangu." Kila mara maneno hayohayo, kama unayasoma mahali. Kisha tangu mwezi uliopita hupatikani kabisa. Mama anasema ndoa ina siri zake. Juzi nilimkuta Shangazi anamenya mihogo huku machozi yanamtiririka. "Kamtazame," aliniambia. "Lakini usiende na maneno. Nenda na zawadi." Basi nimebeba korosho za shemeji, ili apate cha kutafuna, na kanga yako.

Naogopa nitakuta mlango umefungwa. Naogopa utafungua na nitaona kitu usoni mwako. Naogopa hata zaidi kwamba sitaona chochote, nitakunywa chai, nitaisifia nyumba na kuondoka. Najijua. Nimeshawahi kukuacha hivyo.

Ndiyo maana naandika. Shemeji atakaa nasi sebuleni mpaka mwisho, nina hakika. Barua hii nitaikunja ndani ya kanga. Nitakuambia mbele yake ukaijaribu kanga chumbani. Isome barua, kisha uichane. Utakaporudi, mimi nitaaga. Simama useme unanisindikiza. Mdogo wako amesafiri kutoka pwani kuja kukuona. Mwanamume gani atamkatalia mkewe kumsindikiza mgeni wa namna hiyo, majirani wanatazama? Akitaka kufuatana nasi, nitamwomba arudi kunichukulia mwavuli, ambao nitausahau makusudi nyuma ya kochi. Njoo na kandambili zako. Usibebe chochote, usirudi kuchukua chochote. Nimekata tiketi mbili za treni ya jioni.

Huenda nimekosea, na nyinyi mko salama kweli. Naomba iwe hivyo. Hata hivyo nisindikize mpaka barabarani, uniambie kwa mdomo wako, pasipo spika. Nitakuamini, nitapanda treni peke yangu, na nitakuomba radhi maisha yangu yote.

Lakini dada yangu, nakusihi, usiniage mlangoni.

Tuonane kesho, Mungu akipenda.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni