Mapigo Mawili ya Kimya

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya kwaya saa kumi. Kwaresima imeingia, kwa hiyo tumerudia ule wimbo wa baada ya komunyo — "Bwana, kwa jina langu", halafu kimya cha mapigo mawili, halafu "nami nitakuja". Kimya chetu maarufu! Padre aliwahi kukitolea mahubiri mazima. Watu hufumba macho. Mimi kwenye kinanda huinua mikono nikahesabu: moja, mbili.

Leo kati ya moja na mbili kuna mtu aliimba. Sauti ya mwanamke, alto. Noti tatu, chini chini, nyuma yangu. Nikageuka. Alto sita, wote midomo imefungwa. Ngurumo — besi wetu mzee, yumo kwayani tangu sijazaliwa — akasema nimechoka kwa kumuuguza mama. Labda.

Ijumaa, 7 Machi

Steshenari tangu saa mbili. Vyeti, barua, mtu mmoja na kurasa mia nne, mashine ya kutolea nakala ikakwama mara sita. Saa saba hospitali. Mama vilevile. Wiki ya tatu tangu kiharusi, hata neno moja hajasema.

Daktari kaniita pembeni. Mapafu yanachoka. Anataka kumtoboa kooni waweke bomba, mashine impumulie. Bila hivyo ni siku chache tu. Nikauliza, na sauti yake? Akasema hiyo tuisahau. Mtoto mkubwa ndiye wa kusaini, yaani mimi. Mwisho Jumatano saa sita mchana.

Mdogo wangu kwenye simu: nangoja nini? Mama ni mama. Rahisi kusema ukiwa mbali!

Nikapitia kwa Padre. Anasema Kanisa halikatazi wala halilazimishi, nisali. Nilitaka mtu aniambie la kufanya. Nimerudi kama nilivyokwenda.

Jumapili, 9 Machi

Kabla ya misa nilisali hivi: Bwana, nijibu kwa muziki, maana siku hizi lugha nyingine hazipandi. Sasa najuta kuomba.

Komunyo. Wimbo. "Kwa jina langu" — nikainua mikono. Sauti ikaja, safari hii wazi, noti tatu zinazoshuka, neno linaloishia na "te". Kinanda kilikuwa kimya, naapa!

Nilishajipa moyo kwamba ni kichwa changu tu. Basi pale mlangoni bibi wa benchi la mbele, yule macho yake hayaoni vizuri, akanishika mkono. Eti nimshukuru Mungu, mama yangu kapona, amemsikia leo akiimba, sauti ileile ya zamani.

Nikaenda moja kwa moja wodini. Nesi wa zamu anasema mama hajageuka hata ubavu tangu alfajiri.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefunga duka mapema. Ngurumo kanipa ufunguo wa kabati la sakristia, nikaitafuta nakala ya kwanza kabisa ya wimbo ule, ile aliyoiandika marehemu Mwalimu wa kwaya kwa mkono wake. Vumbi, mende wakavu, makaratasi ya watu waliokufa. Nimeipata.

Karatasi ndefu, ndefu kuliko kioo cha mashine yoyote. Upande wa chini umekunjwa. Nikaukunjua. Kulikuwa na mstari mwingine! Wote wengine wanapumzika mapigo mawili, na pale kwenye pumziko, maandishi ya Mwalimu: Alto peke yake — "niite". Noti tatu zinazoshuka.

Pembeni kwa penseli: nakala arobaini. Mwandiko wangu.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza steshenari. Mwalimu alileta karatasi, haikutosha kwenye kioo, nikaikunja. Basi. Miaka ishirini na miwili tunafumba macho kwa heshima ya mkunjo wa karatasi! Nilicheka peke yangu mle sakristia. Halafu nikakumbuka solo za alto zilikuwa za nani siku zile. Mama. Kwaresima ileile aliacha kwaya, akasema koo linamsumbua. Nikakaa chini sakafuni nikalia.

Jumanne, 11 Machi

Nimembana Ngurumo. Akakohoa kwanza, ndipo akasema. Mama aliona nakala mpya hazina mstari wake, akajua Mwalimu kamkata kimyakimya. Mwalimu naye alimsubiri aimbe, hakuimba, akajua ana maringo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ngurumo mwenyewe alidhani ni mambo ya wakubwa. Mwalimu kafa hivyo. Na mimi nilikuwa nyumba moja na mama, nikimsikia jikoni haimbi, nikaona ni uzee.

Mchana wodini nimemwinamia mama sikioni, nikamwambia: mama, ni mimi niliyekukata, si Mwalimu. Nisamehe. Macho yalifunguka, yakanitazama, sijui kama yaliniona. Nikamwimbia taratibu. "Bwana, kwa jina langu" — nikanyamaza. Barakoa ya oksijeni ikajaa mvuke. Midomo ikacheza, bila sauti.

Sauti ilitoka kwingine. Nyuma yangu, mlangoni. Niite.

Sikugeuka. Niliogopa kugeuka.

Nimeomba jibu, nimepewa neno moja. Anamwambia Bwana amwite aende? Au ananiambia mimi nimwite arudi? Nikisaini, namkata sauti kwa karatasi mara ya pili. Nisiposaini, namzika. Ee Mungu, ungesema hata maneno mawili.

Jumatano, 12 Machi. Saa tano na nusu, benchi la nje ya wodi

Sijala. Mdogo wangu kapiga mara nne, ya tano sijapokea.

Fomu iko mapajani. Nimeichezea tangu asubuhi bila kufikiri, sasa naona nimeikunja. Mkunjo umepita juu ya jina la mama. Nimeunyoosha kwa kiganja lakini alama haitoki.

Mlango uko wazi. Namuona mama kuanzia hapa, na kifua chake kinavyopanda. Nimeimba mstari wa kwanza, kwa sauti ya kawaida, mchana kweupe, watu wa benchi wananitazama. Wacha watazame.

Daktari amefika na kalamu. Ananiuliza, dada, tumefikia wapi? Nimemwomba mapigo mawili tu. Hakuelewa, ila amesimama. Wodi nzima imenyamaza. Simsikilizi tena aliye nyuma yangu, natazama midomo ya mama mwenyewe.

Moja —