Nafua Kila Siku Ili Waya Usionekane

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka nimalize, maana jambo hili nimelibeba wiki tatu na sabuni imeniisha. Mimi ni mke wa mtu, naishi na mume wangu na mama mkwe, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi umeme, kijana mpole, kila kitu anakipima mara mbili mpaka tunamwita Kipimo. Basi miezi miwili iliyopita alikuja akatufungia kwenye swichi kuu kile kisanduku cha kukinga vyombo umeme ukija na nguvu kupita kiasi, bure kabisa, kwa ajili ya mama yake, akakiunga na waya wa kijani wenye mstari wa njano, akauzungusha ukutani mpaka nyuma ya bafu, akaufunga kwenye chuma alichokipigilia ardhini, akaenda zake.

Sasa mshauri, mimi ule waya niliutazama nikaona hauwashi taa, hauendi kwenye soketi, unatoka ndani unakwenda kuingia kwenye udongo, nikajisemea huyu shemeji naye, waya wote huu kauzika bure, na siku hiyohiyo kamba yangu ya nguo ilikuwa imekatika na mashuka ya mama mkwe yako kwenye beseni, basi nikazima swichi kuu, maana sikuwa mjinga kiasi hicho, nikachukua koleo, nikakata juu, nikakata chini, nikaufunga toka nguzo ya baraza hadi kwenye mpera, na nakwambia kamba ile haishiki kutu, hailegei, hata jirani aliniuliza nimeinunua wapi.

Wiki tatu zilizopita umeme ukakatika mchana, ukarudi kwa kishindo, balbu zikawaka nyeupe, televisheni ikalia pa! moshi huo, na mama mkwe alikuwa katikati ya tamthilia yake. Akampigia mwanawe palepale, "Wewe ulisomea nini? Kisanduku chako kimekuja kupamba ukuta?" Kipimo akaja mbio, akakifungua, akakuna kichwa, akasema ngoja nikaangalie nyuma, akainama kupita chini ya kamba yangu, shuka likampiga usoni, na kabla hajafika bafuni mama yake akamtoa na ufagio. Leo mtaa mzima unamwita Fundi Moshi, na mwenye tanuri la mikate aliyekuwa amempa kazi ya kufunga umeme kwenye jengo jipya amemwambia asubiri kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza maishani.

Tangu siku hiyo mimi nafua. Nafua vichafu, nafua visafi, nafua mapazia, juzi nimefua gunia la viazi, ilimradi kamba isikae wazi watu wakaiona rangi. Mume wangu ananisifu, na mama mkwe anawaambia wageni, "Mkwe nimepata!" Yeye naye siku hizi ana vituko, akishika mlango wa friji anaruka, anasema linamtekenya mkono, tunamcheka, tunamwambia mama huo ni uzee, sasa analifungua kwa kitambaa. Jumamosi kuna kikao cha familia cha kumsema Kipimo. Nimewaza Alhamisi wakitoka niurudishe ule waya mwenyewe, niuzungushie utepe, ninyamaze. Au niseme, nifukuzwe?

Ni mimi,
Mkwe Nimepata

*

Mkwe Nimepata,

Nimekupigia mara nne kwa namba uliyoandika, hupokei. Bila shaka unafua. Ndiyo maana nimemwomba mhariri barua yako itangulie za wenzako wote.

Nilimsomea fundi wangu wa umeme, mzee wa miaka mingi kazini. Kwenye mpera alicheka. Kwenye gunia la viazi alijifuta machozi. Tulipofika kwenye friji akanikatiza, akaniambia, "Huyo mama anapigwa na umeme, na wao wanamcheka."

Umesikia? Umeniandikia kurasa mbili kuhusu aibu yako, na mauti ukayapitisha katikati kama kichekesho. Waya ule unaitwa ethi. Kisanduku ni mlinzi, na ethi ni mlango wa kumtolea mwizi: umeme wa ziada ukija, unasukumwa uende zake ardhini. Wewe mlango umeuanikia mashuka, mlinzi angefanya nini? Na umeme unaovuja kwenye bati la friji nao ulikuwa unapita hukohuko, maana ethi za soketi huungwa pamoja kwenye swichi kuu. Sasa hauna pa kupita ila mkononi mwa mama mkwe wako. Leo anatekenywa. Siku atakapolishika na mikono mibichi, miguu peku, kikao chenu cha Jumamosi kitakuwa cha mambo mengine kabisa.

Pole, maana hofu ya kufukuzwa naijua. Lakini wewe dada! Uliona kijana aliyepima mara mbili anatolewa na ufagio, ukaongeza sabuni?

Usiurudishe huo waya mwenyewe, na huo utepe kafungie zawadi. Mwite Kipimo leo, usingoje Jumamosi. Aweke waya mpya mzima, aupitishe kwenye bomba ukutani ili mke mwingine asiutamani, apime ethi, atafute friji linavujia wapi, na akikague kisanduku chenyewe, maana kimepigwa pigo moja na huenda kimekwisha kazi hata kama taa yake inawaka. Baadaye jizoezeni, umeme ukikatika au radi ikianza kwa mbali, chomoeni televisheni na friji, na umeme ukirudi hesabuni dakika kumi kabla ya kuchomeka. Tamthilia itasubiri.

Kuhusu kufukuzwa: mama aliyemtoa mwanawe na ufagio atakutoa na wewe, usijidanganye. Atakutoa mpaka getini, mtaa utaona, na ni vizuri wote waone, maana hao ndio wanaomwita mwenzio Fundi Moshi. Ukifika hapo getini usirudi ndani. Nenda moja kwa moja kwa mwenye tanuri la mikate, umwambie kwa mdomo wako aliyekata waya ni nani. Jioni mama atakuita ule. Mkwe amepata, atafanyaje?

Kwa hiyo likunje gazeti. Vaa ndala, kausha mikono, zima swichi kuu, uchomoe friji, na mtu asiliguse. Halafu toka nje ukaanue nguo zote, gunia pia, kamba ibaki wazi. Kisha mwite mama.