Sauti ya Mama Nyuma ya Kipindi cha Kuku

Jumatatu, 3 Machi

Vibao vya maonyesho ya Jumamosi, ya wanawake wa kwanza, vimekauka. Daktari wa kwanza mwanamke kupasua wagonjwa mjini hapa. Rubani. Jaji. Mpima ardhi. Dereva wa treni. Na Mama — mwanamke wa kwanza kutangaza mpira redioni. Cha Mama nimekiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, na bado neno la mwisho limepinda. Ovyo! Nitakirudia kesho.

Kila mmoja atakuwa na picha ukutani na kitufe chini yake. Ukibonyeza unamsikia mwenyewe akisema. Dereva wa treni amekuja leo kurekodiwa, bibi mzima mwenye suti na raba. Akauliza asimame au akae. Nikamwambia asimame, sauti itoke vizuri. Eti treni ameiendesha maisha yake yote amekaa, leo kuisimulia tu ndiyo asimamishwe? Tulicheka hadi tukaanza kurekodi upya.

Alipokuwa anaondoka akanishika kidevu. Akasema Mama akitangaza mechi, stesheni nzima ilikuwa kimya na abiria walisahau kupanda. Nilimwonea wivu, sisemi uongo. Yeye anayo sauti ya Mama kichwani. Mimi nilikuwa na miaka mitano alipofariki. Nakumbuka mikono yake, nakumbuka mafuta yake ya nywele. Sauti — hakuna.

Jumanne, 4 Machi

Bi Mwenyekiti wa kamati kaniita. Sauti ya Mama isipopatikana kufikia Ijumaa mchana, watatafuta msichana mwenye sauti nyororo aigize. Wageni hawatajua, anasema. Mtu mwingine awe Mama kwenye kitufe cha Mama!

Nikaenda redioni, stoo ya chini, kwa fundi mitambo. Wote wanamwita Mzee Waya. Kanivunja moyo kwanza: kanda zilikuwa za shida enzi zile. Mechi ikiisha, imekufa, kesho yake wanarekodi kipindi kingine juu yake. Nilitaka kulia. Halafu akainua kidole. Kipindi kipya mara nyingi kilikuwa kifupi kuliko mechi! Kwa hiyo kinapokomea, ya zamani inabaki mkiani. Basi tusikilize mikia.

Tumesikiliza. Hotuba, kimya. Kwaya, kimya. Kipindi cha ufugaji wa kuku — na baada ya kuku, kelele za uwanja! Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Mwanamume. Mzee Waya akaniangalia. Nikamwambia siye, weka pembeni, leta nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Kuku. Waziri. Kuku tena. Nchi hii ilikuwa na kuku wangapi jamani!

Vumbi limenikaba koo. Nimemkumbuka Mama leo mpaka nikakasirika. Unamkosaje hivi mtu uliyekaa naye muda mfupi namna ile? Nisikie hata akikohoa tu. Hata akiniita nikaoge.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepitia kwa Baba. Nimemkuta anapiga pasi shati la Jumamosi, kalitandika mezani kama anamlaza mtoto. Nikamweleza habari ya msichana wa sauti nyororo.

Akaisimamisha pasi. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Nyororo? Mama yako huyu huyu?"

Kumbe wakubwa wa redio walimwambia mpira hautaki sauti ya kubembeleza watoto. Basi akaishusha. Alifanya mazoezi hapo uani kila jioni, na Baba — Baba yangu huyu asiyejua hata kuotea ni nini! — ndiye aliyekuwa akikimbia na mpira peke yake, ili mwenzake apate cha kutangaza. Majirani walidhani wamerogwa wote wawili. Kisha barua za wasikilizaji zikaanza kuja: "Bwana Mtangazaji." Mama akazisoma mezani kwa sauti ile ile, Baba akicheka.

Mimi sikucheka. Kanda ya kuku! Juzi huenda nilimsikia mama yangu mzazi, mzima mzima, masikioni mwangu, nikasema siye. Weka pembeni.

Nimempigia Mzee Waya, nikaomba asirekodi chochote juu ya kanda yoyote. Akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamjibu ndiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Stoo. Naandikia gotini, benchi limelegea.

Nimekuja na Baba. Kavaa shati la kesho. Kanda tumeipata, ilikuwa chini ya zile tulizokwisha kuzikataa. Spika ya mashine imekufa asubuhi hii, kwa hiyo ni hedifoni, na hedifoni ni moja. Mzee Waya kaninyooshea mimi. Niliishika. Nilitaka kuivaa, Mungu anajua. Lakini mimi ningejuaje? Nilishashindwa mara moja. Nikamvalisha Baba.

Kuku wamepita, nimeona kwa uso wake, amechoka nao kama sisi. Kisha kakaza mgongo.

Nimemuuliza, ndiye? Kafumba macho. Bi Mwenyekiti anapiga simu, imekaribia saa sita, anataka ndiyo au hapana. Msichana wake keshafika ukumbini. Sijapokea. Nimemgusa Baba begani, ndiye, Baba? Kaniondoa mkono taratibu, kama mtu anayezungumza na mgeni.

Halafu akasema, si kwangu, kwa sauti kubwa, maana mwenye hedifoni hajui anavyopaza:

"Kunywa maji kwanza, mama. Koo limekukauka."

Mzee Waya kageukia ukutani, eti anatafuta bisibisi.

Simu inaita tena. Iite. Naitaka hiyo hedifoni, naitaka kuliko chochote, na siwezi kumvua. Mkia wa kanda unakaribia mwisho, naona gurudumu linavyokimbia. Mzee Waya kanyoosha mkono azime arudishe nyuma, Baba kamdaka mkono, bado anamsikiliza.